Kufunga Muziki kwenye Gari: Omu, Nyaya na Mlango Usiovuma

Malalamiko ni yale yale. Spika mpya zimefungwa, boksi limeandikwa wati 300, lakini besi haisikiki, mlango unatetemeka kwenye kila ngoma, na baada ya nyimbo mbili tatu amplifaya inajizima. Mtu anarudi dukani kutafuta spika kubwa zaidi, anafunga, na tatizo linabaki palepale.

Mara nyingi spika hazina kosa lolote. Kosa liko sehemu tatu: hesabu ya omu haikupigwa kabla ya kununua, erthi (waya unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari) imefungwa juu ya rangi, na mlango umeachwa na matundu yake yote wazi. Mwongozo huu unafuata mpangilio wa kazi yenyewe. Usiruke hatua, kwa sababu paneli ya mlango ikisharudishwa hakuna mtu mwenye hamu ya kuifungua tena.

## Vifaa vya kuandaa

- Maltimita inayopima omu, volti za DC (umeme unaotulia, kama wa betri) na volti za AC (umeme unaogeukageuka, kama wa muziki). Hiki ndicho kifaa cha kwanza. Bila mita utakuwa unabahatisha tu.
- Bisibisi, spana, soketi, na vibanio vya plastiki vya kubandulia paneli. Bisibisi ya chuma itakwaruza plastiki na kuvunja klipu.
- Klipu chache za akiba za paneli za gari lako. Kuna zitakazovunjika, hata ukienda taratibu.
- Waya mnene wa umeme, kishikilia fyuzi na fyuzi yake, waya wa erthi wenye unene uleule, waya mwembamba wa rimoti (wa kuiwashia amplifaya), nyaya za spika na nyaya za RCA (zinazopeleka sauti kutoka kwenye redio hadi kwenye amplifaya).
- Terminali za kubana na koleo lake halisi. Koleo la kawaida hulaza terminali bila kuibana, na kiungo kilicholegea hupata moto.
- Karatasi za butili (raba laini inayonata) zenye foili ya alumini juu, unene wa milimita 2 hivi, na roli ndogo ya kuzikandamizia.
- Spiriti, vitambaa safi, msasa, sponji ya seli zilizofungwa (ile isiyonyonya maji), na glavu. Ukingo wa foili hukata vidole vibaya.
- Pete za kufungia spika na betri ndogo ya volti 1.5 ya tochi. Matumizi ya betri hii yako hatua ya 4.

## Kabla ya kugusa waya wowote

Zima gari, toa funguo, kisha fungua terminali hasi ya betri. Hakikisha kwanza unazo namba za siri za redio kama redio yako huzidai umeme unapokatika.

Subiri dakika kadhaa kabla ya kufungua paneli. Mifuko ya hewa ya usalama ina hifadhi yake ya umeme inayobaki kwa muda baada ya betri kukatwa. Soketi zake kwa kawaida huwa za njano: usizichomeke mita, usizikate, na usiwashe gari zikiwa zimechomolewa, la sivyo taa ya onyo itawaka na kubaki imewaka.

Gari likiwa la umeme au la mseto, nyaya nene za rangi ya chungwa zina volti za kuua. Kazi yako ni ya volti 12 tu; hizo nyingine ziache kabisa.

## Hatua ya 1: Piga hesabu ya omu kabla ya kununua

Omu ni kipimo cha ukinzani: kiasi ambacho koili ya spika (waya uliozungushwa nyuma ya koni, ile sehemu inayotikisika) inazuia umeme usipite. Omu zikiwa chache, umeme unaopita ni mwingi. Wati zinazotoka ni volti zikizidishwa kwa volti, kisha kugawanywa kwa omu. Volti 20 kwenye omu 4 ni wati 100. Volti hizohizo kwenye omu 2 ni wati 200.

Hapo ndipo watu wanapoteleza. Wakiona wati zimeongezeka maradufu, wanashusha omu kadiri wawezavyo, na kusahau kuwa umeme unaopita kwenye amplifaya nao umeongezeka maradufu, pamoja na joto lake. Kila amplifaya ina kikomo cha chini cha omu, kimeandikwa kwenye karatasi yake au karibu na terminali za spika. Ukishuka chini ya hapo, amplifaya nzuri itajizima kujilinda. Isiyo na ulinzi itaungua.

Mfululizo na sambamba. Ukiunga spika kwa mfululizo, yaani chanya ya moja inakwenda kwenye hasi ya nyingine, omu zinajumlishwa: 4 na 4 ni 8. Ukiziunga sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, spika mbili zinazolingana zinatoa nusu: 4 na 4 ni 2. Kwa spika zisizolingana, zidisha omu zake, kisha gawanya kwa jumla yake. Omu 4 na omu 8 sambamba ni 32 ugawanye kwa 12, kama 2.7.

Sabufa (spika kubwa za besi) za koili mbili. Hapa pesa nyingi hupotea. Sabufa moja yenye koili mbili za omu 4 inaweza kuungwa kuwa omu 2 au omu 8, basi. Ukinunua mbili za aina hiyo, koili zote nne zinaweza kukupa omu 1, omu 4 au omu 16. Omu 2 huzipati kwa namna yoyote. Ukitaka omu 2 kwa sabufa mbili, nunua zenye koili mbili za omu 2 kila moja. Hizo zinatoa omu 0.5, 2 au 8. Mwenye amplifaya inayovumilia omu 2 akishanunua sabufa mbili za omu 4 na 4, amebaki na njia mbili: kuridhika na omu 4, au kuiunguza amplifaya kwa omu 1.

Usichanganye sabufa zenye omu tofauti kwenye amplifaya moja. Wati hazitagawanyika sawa, na moja itachoka kabla ya mwenzake.

Kuunganisha chaneli mbili kuwa moja. Amplifaya nyingi huruhusu spika moja iendeshwe na chaneli mbili kwa pamoja. Kumbuka kwamba hapo kila chaneli inaiona nusu ya omu za spika hiyo. Amplifaya inayovumilia omu 2 kwa kila chaneli, ukiziunganisha chaneli zake, kikomo chake kinakuwa omu 4. Spika ya omu 2 hapo ni kosa.

Ukipima kwa mita. Gusanisha kwanza ncha mbili za mita na usome ukinzani wa nyaya zake zenyewe. Ondoa namba hiyo kwenye kila kipimo. Kisha pima spika ikiwa haijaungwa popote. Spika ya omu 4 mara nyingi itasoma kati ya 3.2 na 3.8. Haijaharibika. Mita inapima waya wa koili kwa umeme wa betri unaotulia, wakati muziki ni umeme unaogeukageuka, na ukinzani wa spika hubadilika kwa kila sauti, ukipanda sana karibu na masafa ambayo koni yake hupenda kutikisika yenyewe. Omu 4 za kwenye boksi ni jina la daraja. Mita ikisoma sifuri, koili imeshika. Isiposoma chochote, koili imekatika.

Wati za kwenye boksi. Angalia namba iliyo na herufi RMS, zile wati ambazo kifaa kinazibeba muda wote. Namba kubwa iliyoandikwa kwa maandishi manene ni ya kilele cha kufumba na kufumbua, na mimi huisoma kama tangazo tu.

Redio nyingi huandikwa wati 50 mara 4. Pima ukweli wake kwa hesabu: injini ikiwaka, umeme wa gari huwa volti kama 14.4. Wimbi safi ambalo kilele chake ni volti 14.4 lina volti 10.2 za kazi (kilele ukigawanye kwa 1.41). Zidisha 10.2 kwa 10.2, gawanya kwa omu 4, unapata wati 26, na hapo tumedhani hakuna kinachopotea njiani. Uhalisia ni chini ya 20 au kuzidi hapo kidogo, isipokuwa kwa redio chache zenye saketi ya kupandisha volti. Redio nyingi pia hazitaki chini ya omu 4 kwa chaneli, kwa hiyo usiunge spika mbili za omu 4 sambamba kwenye waya mmoja wa redio.

Maoni yangu: usikimbizane na omu 1. Wati zikiongezeka maradufu, sauti inapanda desibeli 3 tu, wakati sikio linahitaji desibeli 10 hivi ili lihisi muziki umekuwa mkubwa mara mbili. Hizo desibeli 3 unazilipia kwa joto, waya mnene zaidi na alteneta inayohangaika.

*Umefaulu ikiwa:* unayo karatasi yenye mchoro wa kila koili, omu za mwisho kwa kila chaneli, na hakuna namba iliyo chini ya kikomo cha amplifaya.

## Hatua ya 2: Waya wa umeme, fyuzi na erthi

Tafuta kwanza ampea. Chukua wati RMS za amplifaya, gawanya kwa ufanisi wake (sehemu ya umeme unaoingia ambayo inafika kwenye spika), kisha gawanya kwa volti 13.8 za gari. Amplifaya za daraja D (daraja ni aina ya saketi yake) zina ufanisi wa takriban 0.8, za daraja AB ni kama 0.55. Wati 500 za daraja D ni ampea 45. Wati hizohizo za daraja AB ni ampea 66.

Sasa unene. Waya wa shaba wa milimita za mraba 10, urefu wa mita 5, ukibeba ampea 45 unapoteza karibu volti 0.4 njiani. Ukitumia wa milimita za mraba 20 unapoteza 0.2. Chagua huo wa pili. Ukishaupitisha chini ya zulia la gari, kuubadilisha ni kazi upya.

Jihadhari na waya wa alumini uliopakwa shaba kwa nje. Kwaruza uzi mmoja kwa kisu: ukiwa mweupe ndani, ni alumini. Unafanya kazi, ila unapitisha umeme vibaya kuliko shaba, kwa hiyo panda daraja moja au zaidi ya unene.

Fyuzi. Ikae ndani ya sentimita 30 kutoka kwenye betri. Fyuzi hii inalinda waya na gari. Kuilinda amplifaya si kazi yake. Waya ukichubuka mahali na kugusa bodi, kipande chote kilicho kabla ya fyuzi hakina kinga, na kitawaka moto. Ukubwa wa fyuzi usizidi uwezo wa waya. Kwa mfano wetu wa ampea 45 na waya wa milimita za mraba 20, fyuzi ya 60 inatosha. Kwa sasa usiichomeke. Kishikilia kibaki kitupu mpaka hatua ya 5.

Njia ya waya. Pitisha waya kwenye tundu lenye raba kwenye ukuta wa chuma unaotenganisha injini na ndani ya gari. Bila raba, mtetemo wa injini utausaga waya kwenye ukingo wa chuma polepole hadi uguse. Ndani, waya wa umeme upite upande mmoja wa gari na nyaya za RCA upande mwingine. Zikilazimika kukutana, zivuke kwa pembe mraba.

Erthi. Hii ndiyo sehemu inayodharauliwa kuliko zote. Chagua chuma kinene cha bodi kilicho karibu na amplifaya, waya usizidi sentimita 50, na uwe na unene uleule wa waya chanya. Futa rangi kwa msasa mpaka chuma king'ae, funga kwa bolti na nati yenye washa ya meno, kisha paka rangi au grisi juu yake ili kutu isiingie. Usitumie bolti za mikanda ya usalama. Zimekazwa kwa kipimo chake na hazipaswi kuwekewa kitu katikati. Ukitoboa tundu jipya, chungulia upande wa pili kwanza. Tangi la mafuta na mabomba ya breki hupita hukohuko chini.

Rimoti. Waya huu mwembamba huiambia amplifaya iwake redio inapowaka. Kwenye redio nyingi za kununua ni wa buluu wenye mstari mweupe. Rangi nyingine za redio hizo kwa kawaida ni njano kwa umeme wa kudumu, nyekundu kwa umeme wa funguo, nyeusi kwa erthi. Kisha nyeupe kwa spika ya mbele kushoto, kijivu mbele kulia, kijani nyuma kushoto na zambarau nyuma kulia, ambapo waya wenye mstari mweusi ndio hasi. Nyaya za gari lenyewe hazifuati rangi hizi, kwa hiyo tumia soketi ya kati inayolingana na gari lako badala ya kukata za kiwandani.

*Umefaulu ikiwa:* ukivuta kila kiungo kwa mkono hakitoki, na mita haionyeshi mgusano wowote kati ya waya chanya na bodi.

## Hatua ya 3: Nyamazisha mlango

Debe tupu haliachi kuvuma, na mlango wa gari ni debe lenye matundu. Spika inaposukuma hewa mbele, inavuta hewa ile ile nyuma yake. Sauti ya nyuma ikipata tundu la kupenya, inakutana na ya mbele na kuifuta, hasa kwenye besi. Bati la mlango nalo, kwa wembamba wake, linaanza kuimba wimbo wake. Ndiyo maana spika ya kawaida kwenye mlango uliozibwa humshinda bingwa wa wati kwenye mlango mtupu.

Kuna kazi tatu tofauti ambazo watu huzichanganya. Butili huzuia bati lisitikisike. Sponji huzuia plastiki isigongane na chuma. Kelele za barabara na matairi huzuiwa na tabaka zito lisiloachana, kama vinyili nzito juu ya sponji, na hilo ni la sakafuni zaidi kuliko mlangoni. Kujaza butili gari zima ukitarajia ukimya wa barabara ni kuongeza kilo bure.

3.1 Fungua paneli. Skrubu hujificha nyuma ya mkono wa kufungulia, ndani ya kishikio na chini ya vifuniko vidogo. Zikiisha, bandua klipu kuanzia chini, kisha chomoa soketi za vioo na kufuli.

3.2 Gonga kwa kidole. Gonga bati la nje kutokea ndani, usikie linavyolia. Ikumbuke sauti hiyo. Ndiyo utakayoilinganisha baadaye.

3.3 Safisha. Bandua karatasi ya kuzuia maji bila kuichana, ondoa vumbi, kisha futa kwa spiriti hadi kitambaa kitoke cheupe. Butili haishiki juu ya grisi, na karatasi iliyobanduka huangukia kwenye mtambo wa kupandisha kioo.

3.4 Bati la nje. Anza nyuma ya spika, kisha katikati ya sehemu pana zilizo wazi. Huhitaji kufunika kila mahali: robo ya eneo, ikiwekwa katikati ya bati, huondoa sehemu kubwa ya mlio. Kandamiza kwa roli mpaka vinundu vya foili vilale. Karatasi iliyowekwa kwa kiganja tu haijashika hata kama inaonekana imeshika. Siku ya baridi, ipashe moto kidogo kwa kikausha nywele.

3.5 Bati la ndani. Hapa unaziba matundu. Madogo yazibe kwa butili yenyewe. Makubwa yawekee kwanza bamba jepesi la alumini au plastiki ngumu, ulifunge kwa skrubu, kisha butili juu ya kingo. Butili peke yake kwenye tundu kubwa itatetemeka kama ngozi ya ngoma na kula besi. Bamba la skrubu pia litakuokoa siku mota ya kioo itakapokufa.

Maonyo manne hapa hayana mjadala:

- Usizibe vijitundu vya chini kabisa vya mlango. Maji ya mvua hutokea hapo. Ukiviziba, mlango utaoza kutokea ndani.
- Usibandike juu ya vyuma vya kufuli wala njia ya kioo. Pandisha na shusha kioo kila baada ya vipande vichache (kioo cha umeme kitahitaji soketi yake na terminali ya betri virudishwe kwa muda).
- Baadhi ya magari yana kihisi cha mgandamizo wa hewa ndani ya mlango, kinachoamsha mfuko wa hewa wa ubavuni mlango unapogongwa. Kuziba matundu kunaweza kubadilisha kinavyopima. Kitabu cha gari kikionyesha kihisi hicho, ishia kwenye bati la nje tu.
- Usitumie karatasi za lami za kuezekea mapaa. Jua likiwaka gari linakuwa tanuri, lami inatiririka, na harufu yake haitoki.

Butili ya milimita 2 ina uzito wa kilo 3 hadi 4 kwa mita ya mraba, na bawaba za mlango ndizo zitakazoubeba uzito huo miaka yote. Kiasi.

3.6 Rudisha karatasi ya maji na ubandike vipande vya sponji mahali paneli inapogusana na chuma, kwenye klipu na kwenye nyaya zinazoning'inia. Mlio mwingi unaosingiziwa spika hutoka kwenye nyaya hizo.

*Umefaulu ikiwa:* ukigonga tena, unasikia "tap" fupi inayokufa hapohapo, na mlango ukifungwa unatoa sauti ya chini na nzito.

## Hatua ya 4: Funga spika

Pima kina kabla ya kutoboa chochote, kioo kikiwa kimeshushwa hadi mwisho. Sumaku ikigusa kioo, tumia pete nene zaidi. Pete iwe ya plastiki ngumu au mbao iliyopakwa rangi isiyopitisha maji pande zote. Ubao wa vumbi la mbao huvimba ukilowa.

Weka sponji nyembamba kati ya pete na mlango, na nyingine kati ya spika na pete. Kaza skrubu kwa mshazari, moja huku, ya mkabala kule, ili fremu isipinde. Kisha zungushia sponji mbele ya spika igusane na paneli, sauti itoke kwenye wavu badala ya kupotelea nyuma ya plastiki.

Chanya na hasi zikipishana kwenye spika moja, spika mbili zinavutana na besi inatoweka. Pima kwa betri ya volti 1.5: gusa nyaya za spika kwa sekunde moja tu, huku upande wa redio au amplifaya ukiwa haujaungwa. Koni ikiruka nje, waya uliogusa chanya ya betri ndio chanya. Fanya hivyo kwa kila spika.

Twita (spika ndogo za sauti nyembamba) ziwe na kichujio chake. Ukiziunga moja kwa moja, besi itazichoma.

## Hatua ya 5: Amplifaya na kuwasha mara ya kwanza

Ifunge mahali penye hewa, isilale kifudifudi, na isikae juu ya boksi la sabufa. Mtetemo hulegeza viungo vya ndani.

Kabla ya fyuzi, pima kwa mita kati ya kila waya wa spika na bodi. Mita ikilia, kuna waya uliochubuka na kugusa chuma. Utafute sasa. Pima pia omu kwenye terminali za amplifaya kabla ya kuunga, ulinganishe na karatasi yako ya hatua ya 1.

Geini zote (vitufe vya hatua ya 6) ziwe chini kabisa. Rudisha terminali hasi ya betri, chomeka fyuzi, washa redio. Taa ya kawaida ikiwaka na ya ulinzi isipowaka, zima tena na uendelee.

## Hatua ya 6: Weka geini kwa mita

Kitufe cha geini si cha kuongeza sauti. Kinailinganisha amplifaya na volti zinazotoka kwenye redio. Ukikipandisha kupita kiasi, vilele vya wimbi vinakatwa, na wimbi lililokatwa ndilo linalochoma koili nyingi.

Hesabu ya lengo: zidisha wati RMS kwa omu, kisha tafuta kipeuo cha pili. Wati 75 kwa omu 4 ni kipeuo cha 300, volti 17.3. Wati 300 kwa omu 2 ni kipeuo cha 600, volti 24.5. Tumia wati ndogo zaidi kati ya za amplifaya na za spika.

1. Chomoa spika kwenye amplifaya. Zima vichujio vyote, nyongeza ya besi, na marekebisho yote ya sauti kwenye redio.
2. Cheza faili la sauti moja isiyobadilika ya 50 Hz (mitikisiko 50 kwa sekunde), iliyorekodiwa kwa desibeli 0. Mita nyingi za kawaida hazisomi vizuri juu ya 400 Hz, na kwa kuwa spika zimechomolewa, sauti ya chini haitaziumiza.
3. Weka redio kwenye robo tatu ya sauti yake. Huu ndio utakuwa mwisho wako.
4. Weka mita kwenye volti za AC, gusa terminali za spika, pandisha geini taratibu hadi ufikie lengo. Usiiguse tena.
5. Zima, rudisha spika. Kwa milango, kata kila kilicho chini ya 80 Hz. Kwa sabufa, kata kilicho juu ya 80 Hz. Boksi la sabufa likiwa na tundu la hewa, kata pia chini ya 25 hadi 30 Hz. Chini ya masafa ambayo boksi limetungiwa, hewa haiizuii tena koni.

Mwisho, cheza wimbo wenye besi ya kutosha, kaa kiti cha dereva, kisha mtu ageuze chanya na hasi za sabufa. Upande unaokupa besi nene zaidi ndio sahihi, hata kama haulingani na maandishi, kwa sababu umbali wa sabufa na milango nao una neno lake.

## Dalili na chanzo chake

Mluzi unaopanda na mwendo wa injini. Punguza sauti ya redio hadi sifuri. Mluzi ukibaki, chomoa RCA kwenye amplifaya. Ukitoweka, tatizo liko kwenye redio au njia ya RCA. Usipotoweka, rudia erthi.

Amplifaya inajizima sauti ikipanda. Pima volti za DC kwenye terminali zake muziki ukilia. Zikishuka chini ya 12 injini ikiwaka, waya ni mwembamba, kiungo kimelegea au alteneta imezidiwa. Zikiwa sawa, pima omu upya.

Erthi unayoishuku. Mita kwenye volti za DC, ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye terminali ya erthi ya amplifaya, muziki ukilia kwa nguvu. Ikikaribia nusu volti, fungua na usugue upya.

Betri imekufa asubuhi. Rimoti imeungwa kwenye umeme wa kudumu, amplifaya inakesha.

Taa zinafifia kwenye kila pigo. Kabla ya kununua kapasita kubwa, ambayo huhifadhi umeme kidogo tu na haiuzalishi, pima volti za alteneta na kaza terminali za betri.

Baada ya wiki ya kuendesha, gusa kishikilia fyuzi mara tu baada ya muziki mzito. Uvuguvugu ni kawaida. Kikiwa cha moto, zima, fungua terminali hasi, na kaza skrubu zake pamoja na bolti ya erthi. Nyuzi za waya mpya hulala baada ya kubanwa, na skrubu iliyokuwa imekaza siku ya kwanza huwa imelegea.